Majogoo Watatu

Mokeira hakununua tiketi ile. Hilo liwekwe wazi mapema, maana baadaye yalisemwa mengi, na ulimi hauna mfupa.

Jumanne hiyo, mwaka wa tisini na sita, aliuza ndizi zake Daraja Mbili mpaka mkungu wa mwisho, kisha akapanda mjini Kisii kununua chumvi, kiberiti na sabuni ya mche kwa Ishwar. Ishwar, kama kawaida yake, hakuwa na chenji. Zamani angekupa peremende ukaenda zako. Lakini tangu awe wakala wa bahati nasibu, peremende zilisahaulika, na ukidai chenji yako unasukumiwa tiketi ya kukwangua.

"Mimi ni Msabato, Bwana Ishwar," Mokeira alisema. "Hii ni kamari."

"Kamari ni kama wewe nanunua, Mama. Wewe hapana nunua. Hii ni chenji."

Basi, kwa hoja hiyo hata mzee wa kanisa angekuna kichwa. Nje mvua ilikuwa inanyesha na hakuna aliyekuwa na haraka. Mokeira akaikwangua tiketi kwa ukucha wa kidole gumba, bila haja yoyote, kama mtu anavyobandua gamba la kidonda. Chini ya rangi akatokea jogoo. Akatokea jogoo wa pili. Wa tatu alipochomoza kishungi, Ishwar aliruka kutoka kwenye kiti chake akashika kamba ya kengele.

Kengele ile ya shaba ndiyo iliyokuwa ada ya duka. Mtu akishinda, inapigwa hadi watu wakimbie kutoka stendi. Kisha jina la mshindi na kwao huandikwa kwa chaki kwenye ubao ulioegemezwa mlangoni. Mwisho kabisa, siku ya malipo, huja watu wa Nairobi na kamera, na cheki pana kama mlango, na picha ya mshindi hutundikwa ukutani kando ya picha ya mungu wa Ishwar mwenye kichwa cha tembo. Mokeira aliwaona washindi hao pichani mara nyingi wakimkodolea macho alipokuwa akichagua sabuni, wala hakuwahi kuwaonea wivu.

Furaha ilimjia, tusiseme uongo. Aliona paa la bati. Aliona ng'ombe wa gredi, wa maziwa mengi, amefungwa nyuma ya nyumba. Halafu akamwona Onyiego, na furaha ikamkauka.

Onyiego alikuwa mtoto wa mke mwenza wake, Bochaberi. Mtoto wake wa pekee. Malaria ilimchukua msimu huo wa mvua, kama ilivyochukua wengine wengi milimani, na kaburi lake nyuma ya migomba lilikuwa bado halijaota nyasi. Asubuhi alipougua alikuwa amekunywa uji jikoni kwa Mokeira. Katika boma la Nyasani, mume wao aliyekuwa mara nyingi Kericho kazini, watoto walikula popote walipokuta sufuria imeepuliwa. Hakuna aliyewahi kuhesabu nani kalia wapi. Ila mtoto alipokufa, watu walianza kuhesabu. Mokeira alikuwa amewasikia matangani wakinong'onezana neno uji, na walipomwona wakaanza kuzungumza habari za mvua.

Ikawa hivi: mtoto wa mwenzake amekufa baada ya kunywa uji wake, na sasa yeye ameokota utajiri. Hata mjinga angejumlisha. Mwezi wa pili, ng'ambo ya bonde, nyumba ya mzee mmoja ilichomwa na mwenyewe akiwa ndani, na kosa lake lilikuwa ng'ombe wake kuzaa mapacha mwaka ambao ng'ombe wa jirani walikufa.

"Jina?" Ishwar aliuliza. Alikuwa ameinua chaki na watu wameshajaa barazani.

"Lazima jina, Bwana Ishwar? Na lazima picha?"

Ishwar aliona ni haya tu za mama wa kijijini, akacheka kwa upole. "Dada yangu Shobha nakaa Leicester, Uingereza. Kule mipira nazunguka ndani ya mashine, watu naangalia kwa televisheni. Mtu nashinda, nasema mimi hapana taka kujulikana, basi, nafichwa. Hata jirani hapana jua. Kule India, serikali yenyewe nauza tiketi, namba natoka kwa gazeti, wewe naenda na karatasi yako pole pole. Lakini hapa Kenya, Mama? Hapa bila sura ya mtu, nani naamini? Watasema Ishwar nakula pesa. Haya, jina."

"Bochaberi," Mokeira alisema. "Wa Keumbu."

Jina lilitoka lenyewe. Njiani kurudi ndipo alipolitafutia sababu, na sababu akaiona nzuri: nani angemshuku mama mzazi? Bochaberi ana msiba, na msiba ni ngao. Watu wangesema Mungu amemfuta machozi. Naye, siku ya malipo, angejua la kufanya. Hivyo ndivyo woga unavyofikiri. Unafikiri haraka na unafikiri vibaya.

Tiketi aliifunga katika pindo la kitambaa chake cha kichwa. Hakulala nayo vizuri, hakula nayo vizuri. Kila alipojikuna alihisi kana kwamba majogoo wale watawika.

Siku iliyofuata walichuma chai pamoja, yeye na Bochaberi, mistari miwili iliyokabiliana. Tangu mazishi Bochaberi alikuwa mtu wa maneno machache. Walikuwa wamefika karibu na mfereji alipouliza, bila kuinua macho kutoka kwenye majani:

"Mama Bonareri, ule uji uliutia sukari?"

Mokeira alihisi kikapu kimekuwa kizito mgongoni. "Uji upi?"

"Ule wake wa mwisho."

"Niliutia."

"Vizuri," Bochaberi alisema. "Alipenda sukari." Na akaendelea kuchuma.

Je, lilikuwa swali la mama anayetaka kujua kinywa cha mwanawe kilionja nini mara ya mwisho, au lilikuwa swali jingine? Mokeira aliligeuza siku nzima. Jioni Bochaberi aliketi kizingitini akisubiri watoto watoke shule, na kama desturi yake akampa Bonareri, binti wa Mokeira, ndizi mbivu. Ndizi ya Onyiego nayo alikuwa ameitoa, akaiweka kando pale kizingitini. Mokeira aliona hayo kutoka mlangoni kwake, roho ikamuuma, akajiambia kesho nitamweleza. Kesho ni neno tamu sana kwa mtu mwenye hofu.

Alhamisi alikwenda Keumbu kusaga mahindi. Alipokaribia mashine, wanawake waliokuwa kwenye foleni walinyamaza, akajua yamefika. Lakini hawakumtazama kwa chuki. Walimvuta pembeni kwa huruma, na huruma hiyo ilimtisha kuliko matusi.

"Kumbe mwenzako amekuficha?" mmoja alimwuliza, mama mnene aitwaye Nyamongo aliyekuwa akiuza omena sokoni. "Jina lake liko ubaoni kwa Ishwar. Mji mzima umesoma. Bochaberi wa Keumbu."

"Labda ni Bochaberi mwingine," Mokeira alisema.

"Keumbu hii kuna Bochaberi wangapi waliozika mwezi uliopita? Fungua macho, dada. Hizo pesa zimekuja zenyewe? Pesa za namna ile huwa zinaomba kitu, na haziombi kitu cha jirani. Zinaomba damu yako mwenyewe. Alikuwa na mmoja tu, na huyo mmoja ndiye aliyetolewa."

"Omorogi," mwingine alisema kwa sauti ya chini, neno lile la mchawi ambalo mtu akiitwa hapana wa kumsafisha. "Na sisi tulilia naye!"

"Vijana wanakutana kwa Machogu," Nyamongo akaongeza. "Wewe watoe watoto wako humo bomani leo."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Mashine ilikuwa imezimwa, watu walikuwa wanawake wenzake, tena wengine wa kanisa lake. Maneno yalikuwa mawili tu: ni mimi. Mokeira alifungua mdomo, akawaza uji, akasema, "Mimi sijui." Kisha akaacha mahindi yake pale kwenye foleni akakimbia.

Alimkuta Bochaberi uani akichambua mboga za chinsaga kwenye ungo.

"Mama Onyiego, nenda kwenu Marani. Nenda sasa."

Bochaberi alimtazama alivyokuwa akihema. "Kuna nini Marani?"

"Nenda tu, nakuomba. Nitakueleza ukirudi."

"Niende, kaburi nimwachie nani? Wewe unajua mbuzi wa jirani wanavyolipanda."

Mokeira alitaka kumshika mkono amvute. Lakini sauti zilikuwa zimeshasikika kwenye njia ya shamba la chai, sauti nyingi, na mtu akipuliza filimbi. Sasa sikilizeni alichofanya. Hakumvuta. Aligeuka akaingia jikoni kwake, akafunga mlango, akaegemeza mgongo.

Walikuwa vijana na wanaume wazima pia, wengine wamebeba matita ya majani makavu ya migomba. Mbele alikuwa Machogu, seremala wa Keumbu. Huyu ndiye aliyetengeneza jeneza la Onyiego, na hakupokea hata senti. Alilipiga randa huku analia, kila mtu alimwona. Hakuna hasira mbaya kama ya mtu anayeona kwamba machozi yake yalichezewa.

"Ziko wapi?" Machogu aliuliza.

"Nini?" Bochaberi alisimama, ungo mkononi.

"Pesa za mtoto."

Mokeira alitazama kupitia ufa wa mlango. Mkojo ulikuwa umemponyoka bila yeye kujua, na midomo yake ilikuwa ikisema zaburi aliyofundishwa utotoni, ila maneno yalikuwa yakija nyuma mbele.

"Umeshinda bahati nasibu," mtu alipaza sauti. "Jina lako liko ubaoni. Tumelisoma kwa macho yetu."

"Mimi sijawahi kushika tiketi," Bochaberi alisema. Alionekana kushangaa kuliko kuogopa. "Machogu, ningekuwa na pesa, ningekuacha ufanye kazi ya jeneza bure?"

Machogu alisita. Wote walimwona akisita, na pengine mambo yangeishia hapo. Lakini penye wengi pana mengi, na kutoka nyuma kijana mmoja akasema hiyo ndiyo hila yenyewe, wachawi hujua kuongea. Akamwaga mafuta ya taa. Yalimpata Bochaberi begani yakatiririka kwenye nguo na juu ya mboga, na harufu yake ikapenya hadi jikoni. Majani ya migomba yakatupwa miguuni pake. Sasa aliogopa. Ungo ulimwanguka.

"Mama Bonareri!" aliita. "Mama Bonareri, toka uwaambie! Wewe unanijua!"

Mokeira hakutoka. Alibana kitambaa chake cha kichwa kwa mikono miwili, akasikia karatasi ikikwaruza ndani ya pindo.

"Mama Bonareri!"

Machogu alikuwa amefunga mwenge wa majani. Mtu akampigia kiberiti.

"Mokeira!"

Wake wenza hawaitani kwa majina. Bochaberi hakuwahi kumwita hivyo tangu aolewe katika boma lile. Mokeira aliukuta mlango umefunguka na yeye yuko nje kwenye mwanga, hana kitambaa kichwani, tiketi iko mkononi.

"Ni yangu," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, akarudia. "Tiketi ni yangu. Nilipewa kama chenji. Nilitaja jina lake kwa sababu niliwaogopa ninyi."

Kisha Nyangau, jirani wa mpakani, mtu aliyewahi kuwakamulia ng'ombe wao Nyasani alipokuwa Kericho kazini, akasema kwa utulivu kama anayekumbuka alikoweka jembe: "Uji. Si ndiye aliyempa uji?"

Umati uligeuka. Mokeira aliona sura walizokuwa wakimtazamia mwenzake zikimtazama yeye, zile zile. Machogu akapiga hatua kumwendea na mwenge unawaka. Nyuma yake Bochaberi, akichuruzika mafuta, naye alikuwa akimtazama.

Wapo waliosema baadaye kwamba Mokeira alikuwa mjanja kuliko wote. Huo ni uzushi wa watu waliokuwa makwao. Hakuwa na ujanja wowote. Alitaka tu kitu kile kitoke mkononi mwake kabla hakijamuua. Akanyoosha mkono, akaiingiza tiketi katika moto wa Machogu.

"Chukueni basi!" alipiga kelele. "Kama nilimuuza mtoto kwa karatasi hii, ona, inaungua! Ona!"

Karatasi ilishika upande mmoja. Ndipo Machogu, aliyekuja kuchoma mtu, aliutupa mwenge na kuudaka moto ule kwa kiganja kitupu.

"Isiungue!" mtu alilia. "Jamani, isiungue!"

Wakamvamia Machogu. Walioshika mafuta ya taa waliyaweka chini. Waliokuwa na fimbo walizitupa ili wapate mikono. Mwenge ulianguka karibu na majani yaliyolowa, na watu kadhaa waliukanyaga kwa haraka, wakauzima moto wao wenyewe kwa miguu yao, si kwa kumhurumia Bochaberi bali kwa kuhofia karatasi. Machogu alikuwa amefumba kiganja huku akiguna kwa maumivu, na wengine wakimfungua kidole kimoja kimoja. "Wangapi wamebaki?" waliulizana. "Ni jogoo wangapi?" Walikuwa wawili. Wa tatu alikuwa amekwenda na moshi, na hata mimi na wewe tusiocheza tunajua kwamba majogoo wawili hawalipi kitu. Lakini Nyangau alisema huenda Mhindi akakubali, kengele aliipiga mwenyewe, na kwa neno hilo wote wakashika njia ya Kisii, wanasukumana, wanashikana mashati, kila mmoja akitaja sehemu yake. Hakuna aliyegeuka nyuma.

Uani palibaki wanawake wawili. Mokeira alikaa chini pale pale. Alingoja Bochaberi alie au ampige. Bochaberi alivua leso yake iliyolowa, akaikamua, akaianika kwenye ua kana kwamba ni maji tu.

"Nilipokuita mara ya kwanza," aliuliza, "ulinisikia?"

Mokeira angeweza kusema hapana. "Nilikusikia."

"Na ya pili?"

"Nilisikia."

Bochaberi alitikisa kichwa taratibu, akaingia ndani kwake. Alikaa humo kitambo. Mokeira alisikiliza: chombo kikisogezwa, mfuniko ukifunuliwa. Alijiuliza anatafuta nini. Alijiuliza yule mwanamke, aliyeulizia sukari ya uji jana na leo amesikia habari ya uji kwa vinywa vya watu, atafanya nini na hesabu yake. Hofu iliyokuwa imeondoka na umati ilirudi peke yake, bila filimbi wala fimbo, ikakaa karibu naye.

Watoto wakaingia bomani kutoka shule. Bonareri aliona majani yametapakaa na mboga zimekanyagwa, lakini alikuwa na njaa, na mtoto mwenye njaa haulizi habari za majani. Alikwenda moja kwa moja kizingitini kwa Bochaberi kama kila siku. Bochaberi alikuwa ametoka na ndizi mbivu mkononi. Akamnyooshea.

"Bonareri, usile!" Mokeira alipiga ukelele.

Ukelele ulimtoka kabla hajaupima. Mtoto aliganda, mkono uko hewani. Bochaberi naye hakusogea. Alimtazama Mokeira kwa muda mrefu, na Mokeira alijua anasikia nini masikioni mwake, maana yeye mwenyewe alikuwa akikisikia: sauti ile ile ya umati iliyokuja kwenye njia ya shamba la chai.

Bochaberi aliigeuza ndizi mkononi. Akaimenya, akaanza kuila yeye mwenyewe, taratibu, huku mtoto akimtazama.